Je, Ni Haki Kumfundisha Kila Mtoto kwa Kadiri Yake?

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa mchungaji wa usharika mmoja wa kijijini, nilikuwa na darasa la Kipaimara la vijana wapatao arobaini. Kati yao alikuwemo kijana mmoja ambaye sikuwahi kuwa na wasiwasi naye. Hakukosa mafundisho. Alizijua Amri Kumi na maelezo yake, Imani na maelezo yake, Sala ya Bwana, Ubatizo na Sakramenti ya Altare. Nilipomsimamisha aliyasema yote bila kukosea neno. Wiki moja kabla ya siku ya Kipaimara tulipokuwa tukifanya mazoezi ya ibada, nilimchagua yeye asome somo la Injili, iwe heshima kwake. Nikamkabidhi Biblia iliyokwisha kufunguliwa. Akaitazama muda mrefu. Wenzake wakaanza kucheka chinichini. Kisha akaifunga taratibu, akaiweka mezani, akatoka nje.

Kijana huyo alikuwa amemaliza darasa la saba. Hakujua kusoma. Katekisimu nzima aliishika kwa masikio, akimsikiliza dada yake akisoma kwa sauti nyumbani jioni. Walimu walimpitisha katika madarasa saba, nami nilikaa naye miaka miwili na nilikuwa tayari kumwekea mikono, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuketi naye dakika tano na kitabu kati yetu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisikiliza kwa makini zaidi mazungumzo ya wataalamu wa elimu kuhusu shule inayomfuata kila mtoto pale alipo. Wanasema mfumo wa shule za umma ubadilike: badala ya darasa zima kwenda na ukurasa uleule siku ileile, kila mtoto apimwe, ajulikane amekwama wapi, afundishwe kuanzia hapo. Wengine husema jambo hili ni la nchi tajiri zenye kompyuta. Wengine husema ni ubaguzi. Mimi naliona kuwa ni swali la imani, na ningependa tulitafakari hivyo: je, ni haki kuwafundisha watoto kwa namna tofauti wakati wote ni watoto wa taifa moja na wa Baba mmoja?

Kwanza tuwatendee haki wazee wetu wanaoshtuka wakisikia neno "tofauti". Wanakumbuka, au waliambiwa na wazazi wao, kwamba wakati wa ukoloni kulikuwa na shule za Wazungu, shule za Wahindi na shule za Waafrika. Nayo iliitwa elimu inayolingana na hali ya kila mmoja. Kulingana huko kulimaanisha kwamba mmoja anajengewa maabara na mwingine anafundishwa chini ya mwembe. Ndiyo maana taifa letu lilipopata uhuru lilijitahidi kuifuta tofauti. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, aliikosoa shule iliyowaandaa wachache wa kuchaguliwa na kuwaacha wengi wajione wameshindwa. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likaagiza watoto wote wa umri wa kwenda shule wapate elimu ya msingi. Mwaka 2016 tulianza elimu bila ada mpaka kidato cha nne. Sare moja, kitabu kimoja, mtihani mmoja: haya yalikuwa matunda ya haki, na hatuna budi kumshukuru Mungu kwa ajili yake.

Lakini mlango ukishafunguliwa kwa wote, linabaki swali la nini kinamtokea kila aliyeingia. Mwongozo wa serikali ni wanafunzi 45 kwa darasa la shule ya msingi, nasi tunaoishi karibu na shule za umma tunajua kwamba mahali pengi idadi imepita hapo, pengine mara mbili. Mwalimu wa darasa la namna hiyo anafundisha kwa kadiri ya wale wanaomjibu. Wanaokaa nyuma wanajifunza kunyamaza, kunakili ubaoni maumbo wasiyoyaelewa, na kuitikia pamoja na wenzao. Kuanzia mwaka 2009 mpango wa Uwezo ulipita nyumba kwa nyumba katika Tanzania, Kenya na Uganda, ukiwapima watoto mmoja mmoja kwa maswali ya kiwango cha darasa la pili. Ulikuta watoto wengi wa madarasa ya juu ambao hawakuyaweza, wakiwemo wa darasa la saba. Serikali yetu ililitambua tatizo hilo, na mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ukaelekezwa kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu. Kijana wangu wa Kipaimara, basi, hakuwa peke yake.

Ukweli mwingine ni kwamba elimu inayomfuata mtoto mmoja mmoja ipo nchini mwetu tayari, nayo tunaiita tuisheni. Mzazi mwenye nacho akiona mwanawe hajaelewa sehemu, anamwita mwalimu jioni, anakaa naye mezani, na mtoto anaelezwa mpaka aelewe. Hakuna anayeuita ubaguzi. Kwa hiyo hatuulizwi kama elimu ya namna hiyo iwepo. Tunaulizwa kama itabaki kuwa kitu cha kununuliwa, au kama mtoto wa mama anayeuza mboga naye atakuwa na mtu wa kumuuliza, "Umekwama wapi?"

Tusome Maandiko. Katika Kutoka 16 Waisraeli walipookota mana, kila mmoja aliokota kwa kadiri ya mahitaji ya hema lake. Walipopima, aliyeokota kingi hakuzidishiwa na aliyeokota kidogo hakupungukiwa. Vipimo havikuwa sawa, lakini wote walishiba. Huo ni usawa wa Mungu: hauangalii kwanza mkono umepewa nini, unaangalia kama tumbo limeshiba. Shule inayompa kila mtoto ukurasa uleule na kuona haki imetendeka imeishia kwenye mkono.

Mfano ulio karibu zaidi nasi uko katika Matendo 6. Kanisa la Yerusalemu lilikuwa na huduma ya kila siku kwa wajane. Ilikuwa huduma njema, iliyokusudiwa kwa wote. Hata hivyo, wajane wa Wayahudi wenye lugha ya Kiyunani walikuwa wakisahauliwa. Hatusomi kwamba kuna mtu aliyewachukia. Utaratibu wenyewe, jinsi ulivyokuwa, haukuwaona. Mitume wangeweza kusema kwamba huduma iko wazi na kila mmoja aje. Badala yake waliukubali ukweli wa manung'uniko yale, wakaubadilisha utaratibu, wakateua watu saba wenye sifa njema wa kuliangalia jambo hilo. Kanisa, basi, lilipata kubadilisha mfumo wake kwa sababu ya watu ambao mfumo huo haukuwaona, na Luka anasema baada ya hapo neno la Mungu likazidi kuenea.

Baba yetu Martin Luther naye alilifahamu jambo hili. Mwaka 1524 aliwaandikia viongozi wa miji yote ya Ujerumani akiwahimiza waanzishe shule za wavulana na wasichana. Aliwauliza, kama wanatumia fedha nyingi kila mwaka kwa silaha, barabara na madaraja, kwa nini wasitumie kiasi kwa ajili ya mwalimu. Miaka michache baadaye alizunguka sharika za Saksonia, akakuta wakristo wasiojua hata Sala ya Bwana na wachungaji wasioweza kufundisha, na kwa uchungu huo akaandika Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529. Tunaikumbuka kama kitabu cha maneno yaleyale kwa wote, na ni kweli aliagiza watoto na watu wa kawaida wafundishwe kwa maneno yasiyobadilikabadilika. Lakini katika dibaji yake alisema pia kwamba kwa wenye elimu mwalimu anaweza kufundisha kwa njia nyingine, na kwamba amri ikaziwe zaidi pale penye uhitaji wake: amri ya saba kwa mafundi na wafanyabiashara, amri ya nne kwa watoto na watu wa kawaida. Katekisimu ni moja, lakini mwalimu anapaswa kumjua anayeketi mbele yake. Mimi niliyashika maneno na kumwacha aliyeketi mbele yangu.

Sasa yako mapingamizi mawili ambayo hatuwezi kuyakwepa.

La kwanza ni la wale tisini na kenda. Mchungaji wa Luka 15 anawaacha nyikani na kumfuata mmoja aliyepotea. Kila mzazi wa mtoto anayefanya vizuri anaweza kuuliza: na mwanangu je? Mwalimu ni mmoja na saa ni zilezile. Ukimpa huyu dakika kumi, umezitoa kwa mwingine. Hili ni pingamizi la haki, na ningesema uongo kama ningedai kwamba upendo haugharimu. Hata hivyo tunayo mambo ya kutupa moyo. Mwaka 2005, magharibi mwa Kenya, shule za msingi 121 zilipata mwalimu wa ziada ili darasa la kwanza ligawanywe mara mbili. Katika baadhi ya shule watoto waligawanywa bila kujali alama zao, na katika nyingine kwa kadiri ya alama walizoanza nazo. Watafiti, wakiwemo Esther Duflo na Michael Kremer ambao baadaye walipata Tuzo ya Nobel ya mwaka 2019, waliona kwamba katika shule zilizogawanya kwa alama watoto wote walinufaika, wenye alama za juu na wenye alama za chini, kwa kuwa mwalimu aliweza kufundisha pale watoto wake walipo. Wale tisini na kenda hawakupoteza.

Huko India shirika la Pratham lilitengeneza njia rahisi zaidi. Mtoto wa darasa la tatu, la nne au la tano anapimwa kwa mdomo, peke yake: je, anasoma herufi, neno, aya, au hadithi? Kisha, kwa saa moja au mbili kwa siku, watoto hukaa kwa makundi ya kile wanachoweza bila kujali darasa, wakicheza na herufi, wakisoma na kusimuliana. Anayesogea anahamia kundi linalofuata. Muda uliobaki wote wako darasani pamoja kama kawaida. Zambia nayo imeichukua njia hiyo katika shule zake za serikali. Kazi hii haihitaji kompyuta kwa kila mtoto. Inahitaji karatasi moja ya kupimia, saa iliyotengwa, na mtu mzima aliyekubali kuinama.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na ndilo lililonikosesha usingizi. Ni aibu. Ukimweka mtoto wa darasa la tano katika kundi la herufi, umemwambia mbele ya wenzake kwamba hajui. Wengi wetu tunakumbuka walimu waliowaita wanafunzi "wazito" au "mambumbumbu", na tunajua jina hilo lilivyowafuata mpaka utu uzima. Je, si afadhali kumwacha ajifiche?

Nilipata jibu la swali hili kwa kijana yuleyule. Baada ya siku ile ya mazoezi hakurudi. Nilimwekea mikono mwaka uliofuata tu, na hapo katikati nilimtafuta. Nilimkuta kwenye banda la fundi baiskeli, mikono imejaa mafuta. Nilimwomba msamaha kwa kumwaibisha. Akaniangalia kwa mshangao, akasema, "Mchungaji, mimi nilidhani unajua." Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akajibu kwamba aliogopa ningemwondoa darasani.

Maneno hayo mawili yamekaa moyoni mwangu tangu siku ile. Alidhani ninamjua, maana mchungaji anapaswa kuwajua kondoo wake. Na aliogopa kwamba nikimjua nitamkataa. Kwa miaka miwili nilikuwa nimemfundisha kwa kinywa kwamba mtu anahesabiwa haki bure, kwa neema, kwa njia ya imani, na kwa vitendo nilimfundisha kwamba nafasi yake katika darasa langu inategemea asichoonekana kukosea. Alinielewa kwa vitendo.

Hapo ndipo naona kazi ya imani katika suala hili la shule. Mfumo wowote unaotaka kumfuata mtoto pale alipo unahitaji kwanza mtoto akubali kuonyesha alipo. Naye hawezi kukubali kama kuonyesha huko kunamshushia thamani. Atakariri, atanakili, atacheka pamoja na wanaocheka. Vivyo hivyo mwalimu anayepimwa kwa wastani wa shule ataficha wasiojua, na mwalimu mkuu atafanya hivyo hivyo kwa afisa elimu, na sisi wachungaji tutafanya hivyo kwa askofu siku ya Kipaimara. Sheria yatufunulia tulivyo, lakini ni Injili peke yake inayotuwezesha kusimama tukiwa tumefunuliwa. Mwenye kujua kwamba amekwisha kupendwa anaweza kusema, "Hapa sielewi," bila kufa kwa aibu. Kipimo kisicho na upendo kitazaa maficho mapya, hata kiwe cha kisasa kiasi gani, hata kifanywe na mashine.

Kwa hiyo mgawanyo wa watoto tuupime kwa maswali matatu. Je, aliye na kidogo anapewa zaidi, au anapewa mabaki? Je, kundi hili ni njia ya kupita, au ni chumba cha kufungiwa? Na je, mwisho wake ni meza moja? Maana kondoo wa Luka 15 hakutengenezewa zizi lake peke yake. Mchungaji alimweka mabegani akamleta nyumbani, akawaita rafiki na jirani wafurahi pamoja naye. Elimu inayomfanya kila mtoto kuwa kisiwa na kitabu chake haijafika mwisho wa mfano huo. Shule za wakoloni zilishindwa katika maswali yote matatu. Tuisheni inashindwa katika la kwanza.

Washarika wapendwa, wengi wetu hatuna mamlaka juu ya mitaala, lakini tunayo mambo yaliyo mikononi mwetu. Katika usharika ninaotumikia sasa, mwanzo wa mafundisho ya Kipaimara kila kijana anakuja sakristia peke yake na kusoma nami mistari michache. Hakuna anayesikia wala alama inayoandikwa. Nikianza namwambia hivi: "Nafasi yako katika darasa hili ulikwisha kuipata siku ya ubatizo wako. Sasa nionyeshe nikusaidie wapi." Kila mwaka wapo wanaoshindwa, na kila mwaka wapo wanaolia, kwa sababu ni mara ya kwanza mtu kuwauliza bila kuwagombeza. Walimu wastaafu wawili wa usharika wanakaa nao saa moja kila Jumamosi, kabla ya mafundisho. Wengine wanasogea haraka, wengine polepole sana. Kijana wangu wa kwanza alikuwa wa polepole. Siku ya Kipaimara chake hakusoma Injili mbele ya watu, wala sikumwomba. Alisoma jina lake mwenyewe kwenye cheti, kwa kidole, herufi kwa herufi, akanitazama.

Jambo hili usharika wowote unaliweza. Tunao walimu wastaafu ambao Jumamosi zao ni ndefu. Tunao vijana wa kidato cha sita wanaosubiri matokeo. Tunao wazee wa kanisa walio wajumbe wa kamati za shule, nao wanaweza kuuliza swali jipya kwenye kikao. Tumezoea kuuliza shule yetu imekuwa ya ngapi katika wilaya. Tuulize pia: watoto wangapi wa darasa la tatu bado hawasomi, ni akina nani, na nani anakaa nao, saa ngapi? Mwalimu akijibu kwa unyoofu kwamba ni wengi, tusimshambulie. Tumshukuru, kisha tumuulize tumsaidie vipi. Tukimwadhibu kwa kusema kweli, mwakani atatuficha.

Nanyi wazazi, mtoto anapowaletea daftari lenye vyema vingi, msiishie kuhesabu vyema. Mketishe karibu nawe, mfungulie ukurasa wowote, umwambie akusomee. Ukiona amekwama, usishike fimbo. Mwambie, "Sawa, tuanzie hapa." Bwana Yesu anasema katika Yohana 10 kwamba mchungaji mwema huwaita kondoo wake kila mmoja kwa jina. Tumwombe atupe nasi, katika shule zetu na katika madarasa ya Kipaimara, macho ya kuwaona wale ambao kwa miaka wamekaa mbele yetu wakidhani tunawajua.